Neno Lisiloandikwa Wala Kutamkwa

Nilikuwa mtu wa kushuku hata kabla sijagusa kompyuta, lakini kompyuta ndiyo iliyonifundisha kushuku kwa utaratibu. Mtu akiingia ofisini akasema, "Habari dada, fundi yupo?" nilikuwa naanza kumpima. Anamuulizia fundi kwa sababu hajui kwamba fundi ni mimi, au anajua na anamtaka mwingine? Mara nyingi alikuwa anajua.

Hiyo ilikuwa Haydom, miaka ile Manyara ilipokuwa mkoa mpya na watu bado wanajisahau, wanasema "sisi wa Arusha" halafu wanajirekebisha. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika, na kila mtu alijua asimame wapi ili apate mtandao. Mfanyabiashara mmoja wa Arusha alikuwa amekodi vyumba viwili karibu na stendi, akafunga dishi juu ya bati na kuleta kompyuta. Akaandika ukutani kwamba hapa kuna intaneti na mafunzo. Wateja wetu wengi waliletwa na hospitali: manesi wanaotafuta vyuo, madaktari wageni, na ndugu za wagonjwa walioshuka kwenye basi na kutaka kumpelekea taarifa mtu wa mbali. Huyo mfanyabiashara ndiye aliyekuwa bosi wetu.

Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mimi, mtoto wa wafugaji wa Dirma, niliyesomea kompyuta chuoni Arusha huku ndugu za baba wakimwambia anapoteza mtoto. Na mwenzangu, kijana wa kiume kutoka mkoa mwingine, mwenye cheti kama changu na ulimi mwepesi kuliko wangu. Tulianza kazi pamoja. Chai tulikunywa pamoja pia, kila mmoja akiangalia vidole vya mwenzake vinapochapa.

Kulikuwa na sababu ya kuangaliana. Bosi alikuwa ametuambia wazi kwamba atafungua ofisi kubwa Babati, kwa kuwa maofisi ya serikali yote yanahamia huko na yatahitaji watu wa kompyuta, na mmoja wetu ndiye atakayeisimamia. Hakusema nani. Alisema tu kwamba anatutazama. Mimi nafasi ile niliitaka hadi nikawa nakereka mtu akitaja Babati bila kunitaja na mimi. Hakuna mwanamke wa kwetu niliyemfahamu aliyekuwa na ofisi yenye mlango wake. Nilitaka mtu agonge mlango, aulizie fundi, nimwambie karibu, keti.

Sasa inabidi nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Sisi Wabarbaig, mwanamke akishaolewa hataji majina ya wakubwa wa upande wa mume wake. Si baba mkwe, si baba yake baba mkwe, si wale waliowatangulia. Na siyo majina peke yake. Neno lolote linalokaribia sauti ya jina hilo nalo linaachwa, linatafutiwa jingine. Wanawake wana maneno yao ya kuzungukia, na bibi harusi anafundishwa mapema, taratibu, na mama mkwe wake. Hakuna anayekupiga ukikosea. Ni aibu tu, na aibu ile haifutiki upesi. Nilipoolewa Hirbadaw na mwalimu wa shule ya msingi, nilijifunza maneno hayo yote. Chuo hakikunitoa huko, na sikuona kwa nini kinitoe.

Ila yaliniletea kazi. Kuna kifaa kimoja cha kompyuta ambacho jina lake linagongana na jina la mkubwa mmoja wa ukweni kwangu. Kwa hiyo nilikiita "kile cha kuchapia". Wanafunzi walinizoea. Mwenzangu hakuzoea. Siku moja nilimsikia akimwambia mteja, kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha, "Dada yetu huyu fundi mzuri, ila vifaa vingine hajui vinaitwaje." Mteja alicheka. Mimi niliendelea kufunga waya nikijisemea, haya, maneno hayo yatafika Arusha kabla ya Jumapili.

Bosi naye alikuwa mtu wa kushuku kuliko sisi sote. Aliamini kila mfanyakazi duniani anamwibia, isipokuwa bado hajamkamata. Mashine yetu kubwa, ile iliyoziendesha nyingine, ilikuwa na neno la siri ambalo lilipaswa kubadilishwa kila baada ya muda, na juu ya neno hilo aliweka sheria aliyoirudia kila alipokuja: neno la siri haliandikwi. Si kwenye karatasi, si kwenye meseji, si kwenye barua pepe. Linatoka mdomoni na kuingia sikioni. "Kilichoandikwa kina miguu," alikuwa anasema, na kutunyooshea kidole mmoja mmoja.

Mwenzangu alipokaribia kwenda likizo kwao, zamu ya kubadilisha ilikuwa yake. Bosi alikuwa ameagiza safari hii tuchague neno la lugha ya huku, ambalo mtu wa Arusha hawezi kulikisia. Jumatatu moja, tukiwa hatuna mteja, mwenzangu aliniinamia akanitajia neno jipya.

Lilikuwa jina la babu yake mume wangu, baba wa baba mkwe wangu.

Nilihisi masikio yanawaka. Kwetu jina hilo ni neno la kawaida pia, lina maana yake, mtu mwingine angeweza kulitumia bila kufikiria. Lakini katika maneno yote ya Kibarbaig, hilo? Machale yalinicheza hapo hapo.

"Rudia nisikie," akasema.

"Nimesikia."

"Rudia bwana, usije ukasahau."

"Nimesema nimesikia. Mimi siyo mtoto."

Alinitazama kidogo, akatabasamu, akafunga begi lake. Tabasamu lile nililibeba wiki nzima. Huyu mtu alikuwa ameshafika nyumbani kwetu Hirbadaw. Alienda siku moja kutengeneza redio na simu za watu pale, akakaribishwa, akala, akakaa na wanaume akiuliza mila zetu na kushangaa. Ameambiwa, nikasema moyoni. Ameambiwa wanawake wetu hawataji, na amekwenda kuchagua jina lile lile. Ningelalamika ningekuwa nimemwonyesha kwamba mtego wake umenasa. Nikanyamaza. Nikajaribu neno kwenye mashine: vidole vililichapa bila shida. Vidole siyo mdomo, nikajiambia, na nikaona nimempiga chenga.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe wangu alikuja Haydom kuangaliwa macho. Alifikia kwangu, kwenye chumba nilichopanga, na akitoka hospitali alikuja kukaa ofisini kwenye benchi la wateja, na shuka lake, na fimbo yake nyembamba, akizitazama zile kompyuta kwa jicho lililokuwa bado zima. Hakuziamini. Aliniuliza mara moja kama zinasikia tunachosema. Nikamwambia hapana. Aliendelea kunong'ona.

Siku moja asubuhi bosi akapiga simu. Fundi wake wa Arusha alitaka kuingia kwenye mashine yetu kubwa kupitia mtandao, kuna kitu hakiendi sawa, wateja wa Arusha wamekwama.

"Neno la siri jipya ni lipi?" akauliza. "Mwenzako simu yake haipatikani, na aliniambia amekuachia wewe."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu.

"Nalo, bosi. Nikutumie kwa meseji?"

"Meseji? Wewe unanijua au hunijui?"

"Basi nikutajie herufi moja moja."

Nikaanza kutaja herufi. Kusema kweli hata hilo sikuwa na uhakika nalo. Kipande cha jina ni jina? Lakini nilianza, kwa sauti ya chini, nikimpa mama mgongo. Simu ilikuwa inakatakata. Nikisema herufi hii anasikia ile. Tukarudia. Fundi wake akajaribu, mashine ikakataa. Tukarudia tena. Mashine ikakataa tena.

"Mbona unanichezea?" bosi akafoka. "Ni neno. Lina shida gani? Litaje zima!"

Nilifungua mdomo. Nasema ukweli, nilifungua. Babati ilikuwa pale, mlango wangu ulikuwa pale, ni neno fupi, lingechukua muda wa kukohoa. Nikageuka, nikamwona mama amekaa na shuka lake, akinitazama kwa lile jicho moja. Hakujua ninaulizwa nini. Alikuwa amelikwepa jina lile tangu siku aliyoingia katika boma lile, msichana. Yeye ndiye aliyenifundisha kulizunguka, jioni nyingi, akicheka nilipokosea kidogo, akinirekebisha bila kunitia haya.

"Bosi, siwezi kulitaja hapa."

"Kuna nani hapo?"

"Mama mkwe wangu."

Halafu akasema, polepole, kama mtu aliyeshika mwizi wake hatimaye, "Usiguse mashine hiyo. Nakuja."

Alifika kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimsalimia mama mkwe wangu, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akasimama nyuma ya kiti changu bila kunisalimia mimi. "Fungua," akasema. Nikachapa neno. Mashine ikafunguka mara moja, bila aibu yoyote, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

"Kumbe ulikuwa nalo," akasema.

"Nilikuambia ninalo."

"Ulikuwa nalo, ukanikatalia, nikasafiri barabara yote ile. Tangu jana ulikuwa unafuta nini humu ndani?"

Aliingia mwenyewe kwenye mashine akapekua, faili moja baada ya jingine. Hakukuta kitu, na kutokukuta kitu kulimzidishia mashaka. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama ninavyoeleza hapa: wakwe, majina, maneno ya kuzungukia. Alinisikiliza huku amekunja mikono.

"Nimeishi na makabila mengi," akasema. "Hilo sijawahi kulisikia. Liandike hapa nilione."

"Ulisema haliandikwi."

"Liandike!"

Nikaliandika kwenye kikaratasi. Akalisoma kwa sauti, kwa nguvu, akilitamka vibaya lakini siyo vibaya kiasi cha kutoeleweka. Chumba kizima kilisikia. Mama mkwe wangu alijifunga shuka lake, akachukua fimbo yake, akainuka, akatoka nje. Hakugeuka.

Bosi alimwangalia mpaka alipotokomea mlangoni. Akakitazama kikaratasi. Nadhani aliniamini wakati ule, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kuniamini hakukunisaidia.

"Haya," akasema, sauti imeshuka. "Nimeona. Pole. Lakini Babati nitapigiwa simu kila saa. Nahitaji mtu anayeviita vitu kwa majina yake. Hata kile cha kuchapia, nimeambiwa, unakizunguka."

Nimeambiwa. Sikuhitaji kuuliza na nani. Mwenzangu angepewa Babati, nami ningebaki Haydom kulinda dishi. Sikulia mbele yake. Nilimshukuru kwa safari, kwa adabu yote niliyofundishwa, nikaenda nje nikiwa na hasira ya kuweza kung'oa lile dishi kwa mikono.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe upande wa kivuli. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia kila kitu kwa lugha yetu: kwamba kijana yule mgeni, aliyetengeneza redio yao, aliulizia mila zetu, akachagua jina lile makusudi ili aninyang'anye kazi, na ameninyang'anya. Nilimwita kila jina baya ambalo mwanamke aliyeolewa anaruhusiwa kutamka.

Mama alichora ardhini kwa fimbo. "Hakuchagua yeye," akasema.

"Alichagua nani?"

"Alipokuja siku ile alisema anataka neno la kwetu, gumu, la kufungia mashine. Nilikuwa nakamua. Mume wako akampa. Akalitaja mara mbili ili mgeni alishike, kwa sauti, uwanjani." Akafuta alichokuwa amechora. "Niliacha kukamua nikaingia ndani. Nilifikiri ni mashine ya yule kijana. Sikujua ni yako pia."

Nakumbuka basi la mchana lilikuwa linapiga honi stendi, na nilikuwa nayapanga upya mambo yote kichwani, moja moja. Mume wangu, aliyekuwa anawaambia walimu wenzake kwamba mke wake anafundisha kompyuta mpaka madaktari. Mume wangu, aliyebeba masanduku yangu kuja Haydom. Mume wangu, aliyesema mara moja tu, wakati anavua viatu, "Babati ni mbali, lakini," halafu akabadilisha mazungumzo. Kwa nini aliiweka ile "lakini" mwisho? Sikuwa nimeijali wakati ule.

Jumamosi nikaenda Hirbadaw pamoja na mama. Njia nzima hatukuzungumzia jambo hilo. Mume wangu alitupokea kwa furaha, akauliza habari za macho, akauliza habari za kazi. Nilisubiri mama aingie ndani.

"Yule mwenzangu alikuomba neno?"

"Neno? Ah, ndiyo!" Akacheka. "Alitaka neno gumu ambalo mtu hawezi kulikisia. Nikampa jina la babu. Babu alikuwa mtu mgumu kweli."

"Ulijua ni la mashine yetu?"

"Alisema la ofisini kwenu."

"Na hukukumbuka?"

"Kukumbuka nini?"

Nilimtazama sana. Nimezoea kuwasoma watu, ndiyo kazi yangu ya kwanza kabla ya kompyuta, na uso wa mume wangu nilidhani naujua kuliko nyuso zote. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hajui anaulizwa nini. Ama ulikuwa uso wa mtu aliyejiandaa. Kama hakukumbuka, basi miaka yote ile mimi na mama yake tulikuwa tunazunguka na kuruka maneno ndani ya nyumba yake, asubuhi mpaka jioni, na yeye hakuwahi kutusikia. Kama alikumbuka, basi ni yeye aliyefunga mlango wangu, kwa jina la babu yake. Nilijaribu kuamua lipi ni afadhali na sikuweza. Mpaka leo tunaishi pamoja, tunasikilizana, ananiombea heri nikisafiri, na mpaka leo sijaamua.

Nilimwambia kwamba Babati amepewa mwenzangu. Akasema pole, akanishika bega. Akasema labda ni vizuri, nitakuwa karibu. Nilihesabu hilo pia upande wake mbaya, kisha nikaliondoa, kisha nikalirudisha.

Jumatatu nilikuwa peke yangu ofisini Haydom. Mwenzangu alikuwa amepitiliza Babati moja kwa moja, na neno la siri lilikuwa limeshasomwa mbele ya benchi la wateja, kwa hiyo lilipaswa kubadilishwa, na safari hii zamu ilikuwa yangu. Bosi hakusema lazima liwe la lugha yetu, lakini mimi nilitaka liwe. Nilikaa mbele ya mashine kubwa, mikono juu ya kile cha kuchapia, nikatafuta neno moja tu ambalo mume wangu hawezi kulitamka mbele ya mama yangu. Nilipitia jina la baba yangu, la mama yangu, la babu yangu mzaa baba, na majina ya wakubwa wote wa Dirma niliowajua. Yote huwa anayataja, tena kwa sauti, akiwa anacheka na wageni. Mteja wa kwanza aliingia akauliza kama fundi yupo. Nikaweka namba tu.